Mkanda uliokatika kila wiki ya tatu: kisa cha chujio la majitaka katika kiwanda cha samaki, Mwanza

Kiwanda na chujio lake

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda kimoja cha kuchakata sangara kando ya Ziwa Victoria, Mwanza. Jina la kiwanda, majina ya watu na tarehe nimeviondoa. Vipimo vya mashine nimeviacha kama vilivyokuwa kwenye daftari langu, maana ndivyo vinavyofundisha. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nasimamia matengenezo.

Sangara akishafika kiwandani anatolewa minofu, mabondo (vifuko vya hewa vya tumboni) yanatengwa kwa wanunuzi wake, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki) yanapakiwa kwenda kwa wakaangaji na watengenezaji wa chakula cha kuku. Kinachobaki sakafuni kinasukumwa na maji: magamba, vipande vya ngozi, damu, na mafuta mengi. Maji hayo hayawezi kuachwa yarudi ziwani yalivyo. Ziwa ndilo linalotulisha, na maji ya kunywa ya jiji yanavutwa humo humo.

Hatua ya kwanza ya kuyasafisha ni chujio la pipa. Fikiria pipa lililolala, la wavu wa chuma kisichoshika kutu, kipenyo mita 1.2, urefu mita 3, matundu milimita 1. Majitaka yanaingia ndani yake, yanapenya kwenye wavu na kudondokea kwenye beseni chini. Takataka zinabaki ndani, zinasukumwa taratibu na mabati yaliyochomelewa kwa mzunguko kama uzi wa skrubu, mpaka zinaangukia kwenye toroli upande wa pili. Pipa linatakiwa kuzunguka polepole, mara 8 kwa dakika. Mota ya kilowati 2.2 inazunguka mara 1,430, kwa hiyo mwendo unapunguzwa kwa hatua tatu: mikanda ya V, yaani ya mpira yenye mbavu zilizoinama kama herufi hiyo, inapunguza mara 3, giaboksi (sanduku la gia) mara 20, na cheni mara 3 tena.

Shida yetu ilikuwa kwenye ile hatua ya kwanza, ya mikanda.

Hali ilivyokuwa

Mikanda miwili ya V ya aina ya B, ambayo ni saizi mojawapo ya mikanda hiyo, ilikuwa inadumu wiki tatu. Ikibahatika, nne. Mara nyingi ilikatika usiku, wakati wa kuosha sakafu, maji yanapokuwa mengi.

Mkanda ukikatika mota haisimami. Inaendelea kunguruma vizuri kabisa, tena kwa wepesi kuliko kawaida, taa ya kijani inawaka, na mtu aliyekaa chumba cha swichi anaona kila kitu kiko sawa. Wakati huo pipa limesimama, magamba yameziba wavu, na maji yanafurika juu ya kingo kwenda moja kwa moja kwenye mtego wa mafuta bila kuchujwa. Mara zote aliyekuwa wa kwanza kujua ni mama mmoja wa usafi wa zamu ya usiku. Alikuwa anakuja karakana na gambuti zake zimelowa, anasimama mlangoni: "Fundi, pipa limelala tena."

Kubadilisha mikanda kulichukua saa mbili, na zaidi ya nusu ya muda huo ilikwenda kwenye kufungua na kufunga kava peke yake. Lilikuwa kava la bati zito lenye bolti nane, mbili kati yake zimeliwa na kutu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyelifungua ila mkanda ukishakatika. Kuna wakati lilikaa chini siku tatu nzima, mikanda inazunguka wazi, kwa kuwa zamu hazikuelewana nani alifunge. Katika siku hizo kijana mmoja wa matengenezo alipulizia dawa ya kuzuia mkanda kuteleza huku mashine inakwenda, na mkono wa ovaroli yake ukavutwa kwenye puli, lile gurudumu lenye mfereji ambalo mkanda unalizunguka. Ovaroli ilikuwa imechakaa, ikachanika, akabaki na kidole chake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu kama hiyo izibwe, na sisi tulikuwa tunaijua sheria hiyo. Kwangu mimi tukio hilo ni zito kuliko mikanda yote iliyokatika.

Beringi ya mota, ile ya upande wa puli, ilikuwa imebadilishwa mara mbili ndani ya mwaka. Sili ya giaboksi, ile pete inayozuia oili isitoke, nayo ilikuwa inavuja. Mambo haya mawili yaliandikwa kwenye kurasa tofauti za kitabu cha matengenezo, na hakuna aliyeyasoma pamoja na habari za mikanda.

Majaribio mawili yaliyoshindikana

La kwanza lilikuwa kukaza. Mkanda ukiteleza unalia, na fundi yeyote akisikia mlio huo mkono unakwenda kwenye spana. Tuliukaza mpaka ukigongwa na kidole unatoa sauti kama uzi wa zeze. Mlio uliisha, mikanda ikaendelea kukatika vilevile, na beringi ya mota ikafa. Tukabadilisha duka, tukanunua mikanda ya bei kubwa zaidi. Ilidumu siku tano zaidi ya ile ya kwanza.

La pili lilikuwa wazo langu, na nilitetea kwa nguvu kwenye kikao. Nilisema: kama mkanda wa V unateleza, tuweke mkanda wa meno, ambao hauwezi kuteleza kwa sababu meno yake yanashikana na meno ya puli. Menejimenti ilikubali, puli zikaagizwa, tukafunga. Siku kumi na moja mashine ilikwenda kimya mpaka nikaona nimemaliza kazi.

Siku ya kumi na mbili kipande cha kreti la plastiki kiliingia na maji kikabana kati ya pipa na fremu. Pipa likagoma. Zamani hapo mkanda wa V ungeteleza, ungelia, pengine ungeungua, lakini ungeachia. Mkanda wa meno haukuachia. Ilikatika kii ya shafti ya giaboksi, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikamanisha puli na shafti, yaani mhimili wake, na meno kama kumi ya mkanda yakanyofoka na kutapakaa ndani ya kava kama punje za mahindi. Mota yenyewe haikuzimika. Tulipofungua sanduku la kontakta, swichi inayowasha mota, tukaona kwa nini: ovalodi, ile swichi inayozima mota ikizidiwa, ilikuwa imewekwa kwenye ampia 8. Mota ya ukubwa ule inakula karibu ampia 5 ikiwa na mzigo kamili. Mtu alikuwa ameipandisha zamani ili isiwe inazimika ovyo, na hakuna aliyeirudisha.

Kiwanda kilisimama kuchuja kwa siku mbili. Nililala karakana.

Siku tulipofungua kava tukatulia

Baada ya hapo niliomba kitu kimoja: siku nzima ya Jumapili, mashine imezimwa, swichi kuu imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu, tuangalie bila kurekebisha chochote. Tulikuwa watatu: mimi, yule kijana wa ovaroli, na mzee mmoja mkereza vyuma wa pale mjini aliyekuwa akitukerezea puli. Tulirudisha puli za zamani mahali pake, tukapanga mezani mikanda sita iliyokatika ambayo kwa bahati haikuwa imetupwa.

Mzee hakugusa mashine. Alichukua mkanda mmoja, akaukunja kwa nyuma kama mtu anavyokunja muwa kuona kama umekauka, akaniita. "Mwanangu, angalia upande wa tumbo." Upande wa ndani wa mkanda ulikuwa na nyufa fupi zilizopangana, zimekatiza upana wote, umbali wa kidole kimoja toka ufa hadi ufa. Mikanda yote sita ilikuwa nazo.

Nyufa za namna hiyo haziletwi na kuvutwa. Zinaletwa na kukunjwa. Kila mkanda wa V una puli ndogo kuliko zote ambayo unaweza kuizunguka bila kuumia, na kwa aina ya B kipimo kinachowekwa kwa kawaida ni milimita 125. Puli yetu ya mota ilikuwa milimita 90. Kila mzunguko mkanda ulikuwa unakunjwa kupita uwezo wake, unapata joto, unakauka, unapasuka. Puli ile haikuwa ya kiwandani. Iliwekwa miaka ya nyuma, ya asili ilipovunjika, kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, na puli kubwa ikakerezwa ya milimita 270 ili mwendo ubaki uleule. Mwendo ulibaki. Kilichopotea hakikuonekana.

Mzee akaingiza kidole kwenye mfereji wa puli. Chini kabisa, mahali ambapo mkanda haupaswi kugusa, palikuwa panang'aa kama sarafu mpya. Mkanda wa V unafanya kazi kwa mbavu zake: unajibana kama kabari kati ya kuta mbili za mfereji, na kubana huko kunafanya mshiko uwe karibu mara tatu ya ule ambao mpira uleule ungekuwa nao juu ya puli bapa. Kuta zikilika, mkanda unazama na kukalia sakafu ya mfereji. Hapo kabari haipo tena. Unaweza kuukaza mpaka shafti ipinde, utateleza tu.

Kisha tukavuta uzi toka puli hadi puli kuona kama zimenyooka. Umbali kati ya shafti mbili ulikuwa milimita 380, na puli zilikuwa zimepishana milimita 6. Hiyo ni pembe ya karibu nyuzi (digrii) moja. Mkanda wa V unavumilia nusu nyuzi, ambayo kwa umbali wetu ni kama milimita 3. Tulipolegeza bolti za mota tukaona kwamba bati la msingi lilikuwa jembamba mno: mkanda ukikazwa lilikuwa linanyanyuka kona moja. Kwa hiyo kadiri tulivyokaza ndivyo tulivyozidi kupotosha puli.

La mwisho lilikuwa ndani ya kava lenyewe. Halikuwa na tundu hata moja chini. Maji ya kuoshea, yenye mafuta ya samaki na sabuni kali, yalikuwa yanaingia kwa juu yakakaa humo, pamoja na oili ya giaboksi. Puli kubwa ilikuwa inachota. Mkanda mmoja kati ya sita ulikuwa umevimba kiasi kwamba haukuingia tena kwenye kipimo cha mfereji mpya.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi mkubwa ulikuwa kurudi kwenye mkanda wa V. Kwa mashine inayoweza kubanwa na kipande cha kreti wakati wowote, mkanda unaoteleza kidogo ni kinga. Kilichotakiwa ni uteleze siku ya ajali tu.

Tulichagua mikanda miwili ya aina ya SPA. Ni myembamba kuliko B, lakini ukilinganisha na upana wake ni minene zaidi kwenda chini, na inakubali puli ya kuanzia milimita 90. Hatukutaka kukaa mpakani tena, kwa hiyo puli ya mota ikawa milimita 118 na ile kubwa 355, mwendo ukabaki mara 3. Hesabu yake nitaiandika, kwa sababu ndiyo iliyomshawishi mhasibu. Kwenye puli ya milimita 90 mkanda ulikuwa unakimbia mita 6.7 kwa sekunde, na ili kupitisha kilowati 2.2 ulihitaji mvuto wa karibu nyutoni 326 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Kwenye puli ya milimita 118 unakimbia mita 8.8 kwa sekunde, na kazi ileile inafanyika kwa nyutoni 249. Karibu robo ya mzigo imeondoka kwenye mkanda, kwenye shafti na kwenye beringi, kwa kubadilisha kipenyo tu.

Puli kubwa ina sharti lake. Ukiongeza tofauti ya vipenyo bila kusogeza mota, mkanda unakumbatia sehemu ndogo zaidi ya puli ndogo. Umbali wa zamani ungetupa nyuzi 144 za kukumbatia. Tulisogeza mota mpaka milimita 515, tukapata karibu nyuzi 153, na mkanda wa urefu wa milimita 1,800, ambao unapatikana, ukaingia bila kulazimishwa. Kusogeza mota kulimaanisha msingi mpya, na hapo ndipo tulipopata nafasi ya kuweka bati nene lenye reli mbili na skrubu mbili za kusukuma, ili mota iende mbele na nyuma bila kupinda.

Kava tulilibuni upya sisi wenyewe. Upande unaotazama pipa ni bati tupu, juu limeinama ili maji yatiririke, upande wa nje ni wavu mgumu ambao kidole hakipiti, na chini kuna mwanya wa kutolea maji. Lina bawaba na kufuli, linafunguka kwa dakika moja. Ukitaka kuona mikanda huhitaji hata kulifungua, unamulika tochi kwenye wavu.

Ovalodi tuliirudisha kwenye ampia za mota. Na kwenye shafti ya pipa, mwisho kabisa wa safari ya nguvu, tukafunga kihisi kinachohesabu kupita kwa kipande cha chuma. Pipa likisimama kwa sekunde ishirini king'ora kinalia na pampu inayoleta majitaka inazimika.

Sili ya giaboksi ilibadilishwa. Hilo lilikuwa la saa moja.

Kilichotokea baadaye

Wiki ya kwanza mikanda ililia. Nilijua sababu na bado liliniuma: mkanda mpya unakaa kwenye mfereji wake ndani ya siku moja au mbili za kazi, unalegea, na lazima ukazwe tena. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi ya kukabidhi zamu, lakini sikumweleza mtu yeyote kwa mdomo, na karatasi ilibaki ofisini.

Tuliporudi kukaza hatukutumia kidole. Sehemu ya mkanda iliyo wazi kati ya puli ilikuwa kama milimita 500, na kanuni ni milimita 16 za kubonyea kwa kila mita, kwa hiyo kwetu milimita 8. Nguvu ya kubonyeza inasomwa kwenye jedwali la mkanda, nayo kwa puli yetu ni karibu nyutoni 30. Hatukuwa na kipimo maalumu. Yule kijana alikwenda akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, akaivuta mpaka mshale ukafika kilo tatu, mwenzake akasoma rula. Mizani hiyo sasa ina msumari wake karakana na haitumiki kwa kitu kingine.

Seti ile ya kwanza ilifanya kazi miezi saba na tukaibadilisha kwa hiari, mchana, wakati wa mapumziko ya chakula, yote miwili kwa pamoja. Haikuwa imekatika. Tulipoikunja tumbo lilikuwa safi. Beringi ya mota haikubadilishwa katika muda huo wote. King'ora kililia mara nne: mara tatu kwa takataka zilizobana pipa, mara moja kwa cheni iliyoruka. Hakuna hata mara moja ambapo maji yalifurika zaidi ya dakika chache.

Uchambuzi

Nikiangalia nyuma, kosa la kwanza lilikuwa namna tulivyoweka kumbukumbu. Mkanda uliandikwa kama kitu kinachoisha, kama grisi. Beringi iliandikwa kama hitilafu ya umeme kwa kuwa iko kwenye mota. Oili ya giaboksi iliandikwa kwenye matumizi ya vilainishi. Zote zilikuwa habari moja: puli ndogo inalazimisha mkanda ukazwe, mkanda uliokazwa unavuta shafti, shafti inaua beringi upande mmoja na sili upande mwingine, oili inayovuja inarudi kuulainisha mkanda uteleze, ukazwe tena. Ukurasa mmoja kwa mashine moja ungetuonyesha mzunguko huu miezi kumi kabla.

Kuhusu mkanda wa meno, sitaki msomaji aondoke akidhani ni kifaa kibaya. Kwenye mashine ambayo mzigo wake ni wa utulivu ni mzuri sana. Kosa langu lilikuwa kuuliza "nini kisichoteleza?" kabla ya kuuliza "kwa nini unateleza?", na zaidi ya hapo, kuondoa kitu kilichokuwa kinalinda giaboksi bila kuweka kinga nyingine mahali pake. Kama ningepima ovalodi siku ile ya kwanza, huenda kii isingekatika, ingawa mikanda ya V ingeendelea kutusumbua kwa sababu zake.

Kati ya mabadiliko yote, sina shaka kwamba puli na msingi ndivyo vilivyoongeza umri wa mikanda. Lakini kama ningeambiwa nichague kimoja tu kwa ajili ya ziwa, ningechagua kihisi cha kwenye shafti ya pipa. Tulikuwa tunapima mota kwa sababu ndipo nyaya zilipo. Kilichotakiwa kupimwa ni pipa. Kwa mwaka mzima kazi ya kihisi hicho ilifanywa na mama wa usafi kwa macho yake, na kwenye taarifa zetu za matengenezo jina la kazi yake halikutajwa hata mara moja. Nilimwomba awepo siku tulipojaribu king'ora. Alisikiliza, akasema kiongezwe sauti, mashine ya kuoshea inakimeza. Tukaongeza.

Kitu ambacho hatukufanikiwa ni kuzuia kreti na mapanki yasifike kwenye pipa. Tulifunga nondo za kuzuia kwenye mfereji wa sakafuni, wafanyakazi wakaziondoa kwa kuwa ziliziba na kufurisha maji miguuni mwao. Walikuwa na haki. Nondo zilihitaji mtu wa kuzisafisha kila saa na hatukumpanga.

Na kuna pipa la pili. Liko nyuma ya jengo, linatumika samaki wakiwa wengi, na lilirekebishwa zamani na fundi yuleyule aliyeweka puli ndogo kwenye la kwanza: puli ya milimita 90, mikanda ya B, bolti nane. Bajeti yake ilisogezwa. Mara ya mwisho nililifungua kava lake mwenyewe, nikaukunja mkanda mmoja kwa nyuma chini ya tochi. Ufa wa kwanza ulikuwa tayari umeanza, mfupi kama punje ya mchele.